Nilinyamaza tu, Shangazi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kyela, huku bondeni kwenye joto. Jina langu usilitoe. Nina miaka 48, nimeolewa, nina watoto wanne, na shughuli zangu ni mpunga na kakao kidogo.

Nina jirani, nimwite Mama Tumpe ingawa si jina lake. Tulianza naye darasa la kwanza, tukakaa dawati moja mpaka la nne, akanihama kwa sababu nilikuwa namnakilia hesabu. Tumeimba kwaya moja. Mama yake ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza, usiku wa mvua ambao hata baiskeli haikupita. Mama huyo tulimzika wote, na shimo lilikuwa linajaa maji mpaka vijana wakayachota kwa ndoo kabla ya kuteremsha jeneza. Yaani simjui kwa kusikia.

Mwaka juzi walikuja maofisa kuhakiki watu wanaoomba kitambulisho cha taifa. Sisi tuko karibu na Songwe, mto wa mpaka, kwa hiyo huku maswali ni mengi kuliko kwenu mjini. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, nje ya ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwa nimeshapita, nasubiri karatasi yangu tu. Ilipofika zamu ya Mama Tumpe akaulizwa baba yake alizaliwa wapi. Akasema hapa hapa. Babu je? Akasema nyumba ya babu ilikuwa upande huu, mto ukahama, sasa pale ni upande wa pili. Ni kweli Shangazi, Songwe unahama. Mafuriko yakija unajikatia njia mpya, na kuna watu walilala na shamba Tanzania wakaamka nalo Malawi. Kila mtu huku analijua hilo. Yule kijana akatabasamu, akaandika kitu. Halafu akainua uso akauliza kwa sauti: "Nani hapa anamfahamu vizuri huyu mama?"

Tulikuwa kama watu kumi na tano. Nilikuwa na doti ya kanga, moja nimejifunga, nyingine naishika mkononi. Nikaanza kuikunja ile ya mkononi. Nikaikunja, nikaikunja, mpaka ikawa ndogo kama kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyejibu. Kijana akasema, "Haya, mwingine."

Fomu yake ilirudi ikisema uraia wake una shaka. Tangu hapo laini ya simu anatumia iliyosajiliwa kwa jina la mkwewe. Akaunti ya benki hana, na hela ya kakao siku hizi inapita benki, basi kakao yake inauzwa kwa jina la shemeji yake, naye humkata anavyotaka. Mwanawe wa mwisho yuko kidato cha sita na ameshaanza kuwa na wasiwasi kwamba shaka ya mama itamfuata na yeye.

Mimi sikumsingizia, Shangazi. Sikupeleka maneno popote. Wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa walisema, "Si Mmalawi yule, kwani mlikuwa hamjui?" na nilicheka nao, basi. Mume wangu anasema ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Ila kuna jambo sijamwambia mtu: bibi yangu mzaa baba alitoka Karonga, Malawi, aliletwa huku na ndoa akiwa binti. Kijana yule alipouliza lile swali, kichwani mwangu alikuwemo bibi peke yake.

Mwezi uliopita Mama Tumpe alikuja kuazima ungo. Akasimama mlangoni, akasema kama mtu anayeongelea mvua: "Siku ile nilikuona. Ulikuwa unakunja kanga." Akachukua ungo akaondoka. Kesho yake akaurudisha na ndizi juu.

Nasikia mtendaji amemwambia alete watu wazima watatu wa kumtolea ushahidi kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi hajaniomba. Je, niende bila kuombwa? Mume wangu anasema nikienda nitajifungulia jalada mwenyewe. Na hasa kosa langu ni lipi? Nilinyamaza tu.

Mkunja Kanga, Kyela

*

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Hilo nalisema kwanza ili usisome barua yote ukilitafuta. Nenda bila kuombwa, na kabla ya kwenda kwa mtendaji pita kwake. Sasa tuongee.

Umeniuliza kosa lako ni lipi, na naona unatafuta kosa lenye mdomo: uongo, umbea, fitina. Hukufanya hata moja. Lakini hebu tuliangalie lile swali. Yule kijana hakuuliza nani anampenda Mama Tumpe, wala nani yuko tayari kumgombania. Aliuliza nani anamfahamu. Jibu lake ni neno moja, na katika watu kumi na tano pale chini ya mwembe wewe ndiye uliyekuwa nalo kuliko wote. Mtu mwenye cheti cha kuzaliwa hutoa cheti. Mtu aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, miaka ile ambayo hakuna aliyehangaika na cheti kijijini, cheti chake ni watu. Mama yake alikuzalisha wewe, na leo wewe ndiye unayejua huyo mama aliishi wapi na amelala wapi. Siku ile ofisa aliomba cheti, na cheti kikakunja kanga.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukimya haukuandikwa. Mtu akiulizwa mbele ya majirani zake na majirani wakatazama chini, yule mwenye kalamu ana cha kuandika.

Nakusema hivi lakini mimi si mtakatifu. Mwaka 2006 nilikuwa nafundisha Mbarali. Ndipo serikali ilipoanza kuwaondoa wafugaji kwenye bonde la Usangu. Sababu iliyotolewa ilikuwa maji: Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi, na bwawa la Mtera la umeme lilikuwa limeshuka vibaya. Wasukuma, Wabarbaig na wengine wakaondoka na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi huko, na zoezi likaendelea mpaka 2007. Kama ilikuwa haki au haikuwa, kama walilipwa au hawakulipwa, mimi sikuuliza. Nilichojua ni kwamba mtu anayehamishwa haraka anauza ng'ombe kwa bei yoyote. Mwaka ule nilikula nyama Jumatatu hadi Jumapili, mimi mwalimu wa shule ya msingi. Katika darasa langu viti vikawa wazi. Nikafuta majina kwenye daftari la mahudhurio kwa rula na wino mwekundu, vizuri kabisa, mistari imenyooka.

Wakulima wa mpunga walisema afadhali, walikuwa wanatulishia mashamba. Mwaka 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikapanuliwa ikachukua na lile Pori la Akiba la Usangu, na mpaka mpya ukaingia kwenye vijiji vya wakulima wale wale. Mgogoro ukakaa miaka na miaka. Mwaka 2022 vijiji vitano vya Mbarali vikatajwa kuwa vitapaswa kuondoka. Mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu, analalamika kwamba hakuna anayewasemea. Nilitaka kumpa pole ya nguvu. Nikakumbuka nyama, maneno yakanikwama.

Tunao ule msemo wa mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Tangu utotoni naambiwa ni hekima. Siku hizi naona umekaa vibaya, maana hauulizi kabisa kwa nini mwenzako ananyolewa, wala nani amempa kinyozi wembe. Wewe unaambiwa uloweke nywele zako usubiri zamu.

Na wewe ulikuwa unaloweka. Ndiyo maana sikuamini unaposema hayakuhusu. Ungekuwa hujali, usingemkumbuka bibi. Uliogopa, mwanangu, na uoga ukavaa nguo za kutojali kwa sababu hizo hazina aibu sana. Tuongelee basi huyo bibi wa Karonga.

Mpaka wa Songwe uliandikwa kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Kabla ya hapo Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa ng'ambo walikuwa wanavuka kuoana, kuuziana na kuzikana, na baada ya hapo wakaendelea kuvuka, maana lugha inaelewana na mto wakati wa kiangazi ni wa kuvuka kwa miguu. Ukianza kuwatafuta watu wa Kyela wasio na bibi, shangazi au mjomba ng'ambo, sijui utabaki na wangapi kwenye ile kwaya yenu. Kama baba yako na mama yako wamezaliwa Kyela na wote ni raia, bibi aliyeletwa na ndoa hakufuti wewe. Usimtangaze, lakini ukiulizwa usimkane. Uongo ndio utakaokufungulia jalada, siyo bibi.

Halafu, unadhani kunyamaza kunakukinga? Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia wa Tanzania. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari ambaye alikuwa ameshakaa bungeni kama mbunge. Mwingine alikuwa balozi wetu Nigeria. Balozi, mwanangu! Mtu aliyepelekwa kuiwakilisha nchi akaambiwa si wa nchi. Ikiwa shaka inaweza kumpanda balozi, wewe na kakao yako hamjajificha mahali popote.

Na kuna Anudo Ochieng Anudo. Mwaka 2012 alikuwa anashughulikia ndoa yake tu, pasipoti yake ikashikwa kwa madai kwamba uraia wake una shaka. Mwaka 2014 akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake. Akaishi kwenye kipande cha ardhi kati ya mipaka miwili, kule Sirari, si huku si kule. Kesi yake ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale Arusha, na Machi 2018 mahakama ikasema alinyang'anywa uraia kiholela. Neno lililonigusa ni hili: mtu ambaye nchi ilikwisha kumtambua na kumpa nyaraka zake, anayesema si raia ndiye wa kuthibitisha. Kwa neno hilo, Mama Tumpe aulizwe kama bado ana kadi ya mpiga kura ya mwaka 2015 au ya nyuma zaidi. Kama aliruhusiwa kuchagua rais, kuna ofisi ilimwona kuwa Mtanzania.

(Mlango ule wa Arusha umefungwa kwa mtu wa kawaida. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuipeleka pale moja kwa moja. Mimi siku hiyo sikujua hata kama kuna mlango.)

Sasa mume wako. Usimdharau. Ya Ngoswe mwachie Ngoswe si maneno ya mtu mbaya, ni ya mtu aliyeona majirani wakiitwa kituoni kwa kujitolea kusema. Na wala hayuko peke yake. Mwaka 2020 sheria ya kutekeleza haki za msingi ilibadilishwa: aliyekwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba haki za ibara ya 12 mpaka ya 29 za Katiba zimevunjwa ikambidi aambatishe kiapo kinachoonyesha yeye binafsi ameathirikaje. Yaani sheria yenyewe ilijifunza kuuliza swali la mume wako: wewe yanakuhusu nini? Huku Katiba hiyo hiyo, ibara ya 26, bado inasema kila mtu anayo haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria zinalindwa. Waache mawakili wavutane kuhusu hilo. Wewe hupeleki kesi. Kwa mtendaji hakuna atakayekuuliza umeathirikaje. Utaulizwa kama unamfahamu.

Mwambie mume wako hivyo, jioni akiwa ameshakula, na mwambie habari za bibi siku hiyo hiyo. Asije kuzisikia ofisini.

Kwa Mama Tumpe usiende na sukari. Najua tulivyofundishwa, mikono mitupu ni aibu, lakini sukari itaongea badala yako na wewe utapata pa kujificha tena. Sema: "Siku ile niliulizwa kama nakufahamu, nikanyamaza. Niliogopa. Nataka kwenda kusema." Usiongeze "lakini". Usimwelezee bibi yako kwanza ili akuonee huruma, hiyo ni zamu yake ya kuonewa huruma. Na akikuambia hakutaki kwenye mashahidi wake, meza. Ana haki hiyo pia. Muulize tu kama unaweza kumsaidia kutafuta wengine.

Akikubali, kaeni chini muandike. Wewe andika unayoyajua kwa macho yako, usiongeze chumvi hata punje. Mwaka mlioanza shule na jina la shule. Mwalimu wa darasa. Jina la mama yake na mwaka aliokuzalisha. Kaburi liko wapi. Nyumba ya babu ilikuwa upande gani kabla mto haujahama, kama uliiona. Kama hukuiona, tafuteni mzee aliyeiona, huyo ni shahidi mkubwa kuliko wewe. Nendeni na kanisani. Kanisa la Moraviani liko Rungwe tangu 1891, na makanisa ya huko kwenu ni ya zamani. Daftari la ubatizo huwa na jina la mtoto, la wazazi na mahali walipokaa. Mwandishi wa daftari lile hakuwa na shaka na mtu, alikuwa anaandika waumini. Shuleni ombeni nakala ya daftari la uandikishaji kama halijaliwa na mchwa.

Maelezo yenu yakishakuwa tayari yafanyeni kiapo, mbele ya hakimu au wakili. Hela ikiwa shida, ulizeni wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ipo kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kila karatasi mnayowasilisha, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na akijibiwa hapana, ajibiwe kwa maandishi yenye sababu. Neno la mdomo halikatiwi rufaa.

Usiende peke yako. Hapo namsikiliza mume wako. Wale wanawake wa kikundi uliocheka nao, wawili kati yao walikuwa kwenye lile benchi, sivyo? Waanze hao. Usiwahubirie, wewe huna mimbari. Waambie tu, "Mimi nakwenda Jumatatu, twende." Nakuhakikishia kuna mmoja ambaye naye amekuwa akikunja kanga yake usiku kucha. Mtu mmoja akitoa ushahidi mpakani anaonekana ana lake jambo. Wakiingia wanawake wanne wa kikundi kimoja, mtendaji anatafuta viti.

Kuhusu huyo shemeji anayekata hela ya kakao: ushahidi ukishapita, hilo nalo litaisha lenyewe, akaunti ikifunguliwa. Kwa sasa mwambie Mama Tumpe aandike kila kilo anayopeleka na kila shilingi anayopewa, na shemeji atie saini. Akikataa saini mmeshamjua.

Nenda Jumatatu asubuhi, kabla ya saa tatu, mtendaji akishatoka kwenda kwenye vikao humpati tena. Kwa Mama Tumpe nenda Jumapili baada ya ibada, na uende na ule ungo. Umwachie, maana msimu huu wa kupeta mpunga ataurudia kuazima, na mlango wako kwa sasa ni mzito kwake. Uniandikie alichokujibu, hata kama ni kidogo.

Shangazi, Mbeya